Mama Mkwe Aliyeipa Barabara Mgongo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Ni Nakhumicha wenu. Punguza moto jikoni, vuta kiti, tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimwona na hamkumjua. Mlikuwa kwenye gari mkielekea Namanga. Yeye alikuwa pembeni ya lami, ameinama juu ya baiskeli ya magurudumu membamba, jasho linamtiririka, na mkasema, huyu naye ametumwa na nani?

Hakutumwa na mtu. Jina lake ni Kaloki wa Munguti, wa Kitengela. Tulimzika Jumamosi iliyopita kwenye shamba lake dogo, nyuma ya Isinya. Kaloki hakuwa na timu. Hakushinda kombe. Siku za kazi alitengeneza pampu za maji kwenye shamba moja la maua, na Jumamosi aliendesha baiskeli. Ndoto yake ilikuwa moja tu: atoke Kitengela, afike Namanga mpakani, arudi Kitengela, jua lile lile halijazama.

Habari za leo tumepewa na mama mkwe wake, Mukonyo. Nilimkuta kwake Isinya, akiwatilia kuku maji. Nilidhani atanipa maneno mawili ya sifa anirudishe nilikotoka. Aliniketisha akasema, "Wewe sema yote. Usinitilie sukari." Kwa hiyo, wasikilizaji, sukari hakuna.

Kaloki alianza mwaka wa tisini na tano, na baiskeli nzito, ile Black Mamba ya kubeba magunia. Rafiki yake Gichuru, muuza vipuri pale Kitengela, alimwona akipanda nayo mlima akiwa amejikunja meno nje, akamhurumia. Akamtafutia baiskeli nyepesi ya mtumba. Pamoja na baiskeli akampa kaptura nyeusi ya kubana, ile ya waendesha baiskeli.

Kaloki aliigeuza ile kaptura mbele na nyuma. "Gichuru, hii ni ya mtoto."

"Ni ya mwanaume. Vaa. Ukienda Kajiado na suruali ya kitambaa, utarudi umechubuka mahali hata daktari utashindwa kumwonyesha."

Akavaa. Mwezi mzima alivaa na shati refu linalofika magotini. Gichuru alisema alifanana na padri anayekimbia njaa.

Sasa kulikuwa na shida moja, na shida hiyo ilikaa Isinya. Ukitoka Kitengela kwenda Kajiado, huna budi kupita Isinya. Na pale Isinya, lango likitazama barabara, aliishi Mukonyo, mama mzazi wa Evalyne, mke wa Kaloki. Alikuwa amehama kutoka Ukambani kumfuata mwanawe wa kiume, akafuga kuku, akauza mayai.

Kwa Wakamba kuna jambo linaitwa nthoni. Nthoni ni aibu, na nthoni ni heshima, na huwezi kuzitenganisha. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Mimi ni mtu wa Bungoma, kwetu pia mkwe anaogopwa, kwa hiyo sicheki. Siku hizi vijana wengi wameliacha. Kaloki na Mukonyo hawakuliacha. Walikuwa wakishindana nani ana heshima kuliko mwingine.

Evalyne aliniambia hivi: "Mimi nilikuwa simu yao. Mzee wangu ameketi nje, mama ako ndani, dirisha iko wazi, wanasikiana vizuri kabisa. Lakini utasikia, 'Evalyne, mwambie mama asante kwa kuku.' Halafu ndani, 'Evalyne, mwambie nimesikia.' Na mimi niko hapo katikati na sufuria."

Basi, mtu wa namna hiyo atapitaje mbele ya lango la mama mkwe na kaptura ya kubana? Kaloki alipata dawa. Alinunua shuka nyekundu ya Kimaasai. Akikaribia Isinya, anasimama, anajifunga kiunoni, anapita polepole. Akishapita, anaivua, anaendelea. Gichuru alimwonya kwamba nguo na cheni si marafiki. Kaloki alimjibu, "Wewe huna mama mkwe hapa."

Ikaja Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na tisa. Gichuru, waliyetoka naye kwa baiskeli, alipata pancha nyuma huko, Kaloki akatangulia. Mukonyo alikuwa ametoka langoni na trei ya mayai, akimngoja mteja. Alisikia watu wa stendi ya matatu iliyo jirani wakipiga kelele. Akainua macho. Shuka ilikuwa imeingia kwenye cheni. Baiskeli ilikwama, mtu akaruka. Alitua kwa bega kwenye kokoto, akabingirika hadi mtaroni, karibu na kidaraja cha kuingilia kwa Mukonyo. Shuka ilibaki kwenye gurudumu. Kaptura ilikuwa imepasuka kutoka nyonga hadi paja.

Mukonyo aliona. Aliona yote ambayo mama mkwe hapaswi kuona hata kwenye ndoto. Aliweka mayai chini. Akageuka, akaushika ua wa seng'enge kwa mikono miwili, akaipa barabara mgongo.

Kule mtaroni Kaloki alipogundua ni nani aliyesimama pale juu, alitambaa akaingia chini ya kidaraja. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika na kutokeza. Hakutaka mtu amtoe. Watu wa stendi walikuja, wengine wakicheka hadi kushika mbavu, wakawa wanapeleka ujumbe.

"Anasema mama aende kwanza!"

"Mwambieni atoke yeye. Nikigeuka niende nitamwona tena."

"Anasema hawezi kutoka mama akiwa hapo!"

Hivyo ndivyo walivyokaa. Yeye chini ya kidaraja, akivuja damu. Mama kwenye seng'enge. Kila mmoja akimfichia mwenzake aibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini siku hiyo nani alikuwa na nafasi ya kuwasikiliza wahenga?

Alipofika hapa akinisimulia, Mukonyo aliugeuza uso kando. Akawatazama kuku. Kisha akasema, "Mimi nimezaa. Nimeuguza watu. Mtu akilia kwa maumivu ya kawaida najua, na ya kifo najua. Nilimsikia. Hakuwa analia kama mtu amejikwaa. Nilijua kabisa huyu mtoto ameumia vibaya. Na nikaendelea kushika hiyo fence."

Gichuru alifika akisukuma baiskeli yake. Alitazama mtaroni, akatazama kwenye ua. "Ngai! Mungu wangu! Nyinyi watu mtauana na heshima!" Akavua koti lake, akamfunika Kaloki, akamvuta nje, akasimamisha pikapu ya shamba la maua. Ndiyo iliyomfikisha hospitali Kajiado. Lile bega halikukaa sawa tena. Mkono ule haukuinuka tena kupita kichwa.

Wazee wa pande zote mbili walikaa. Uamuzi ukawa kwamba Kaloki amemwonyesha mama mkwe aibu, na atatoa mbuzi. Kaloki alitoa mbuzi, mkono ukiwa bado kwenye bandeji. Hakubisha. Mbuzi alichinjwa, watu wakala, Mukonyo naye akapelekewa nyama yake.

"Ilinikwama hapa," aliniambia, akishika koo. "Ameumia yeye, na mbuzi atoe yeye. Mimi nilitoa nini?"

Alitaka kumwomba msamaha. Sikilizeni vizuri hapa, kwa maana kila kitu kiko hapa. Mukonyo alitaka kumwambia Kaloki: nilikusikia, nisamehe. Lakini wao hawakuzungumza ila kupitia kwa Evalyne. Na neno kama hilo utalitumaje kupitia kwa binti yako? Utamwambia mtoto, nenda kamwambie mumeo kwamba mimi nilisikia anakufa nikanyamaza? Akalimeza. Kila mwaka likawa zito zaidi.

Kaloki naye aliacha baiskeli. Pale stendi walimbandika jina, Bwana Shuka. Watoto wa shule waliimba. Evalyne alihama kiti kanisani, akaanza kuketi nyuma, karibu na mlango. Hata yeye alimwonea mumewe haya, na alinipa ruhusa niseme hivyo. Kaloki aliona.

Ni Gichuru aliyemrudisha barabarani, miaka mitatu baadaye. Kwa matusi, si kwa maneno matamu. Kaloki alirudi na suruali pana aliyoibana na raba kwenye vifundo vya miguu. Alijichubua kweli kweli. Isinya aliipita ameinamisha kichwa.

Mukonyo alikuwa akifagia langoni aliposikia ile tiki tiki ya gurudumu. Alijua ni nani. Jumamosi iliyofuata alitoka na chupa ya maji. Alisimama ukingoni mwa lami, akageuza mgongo, akaupeleka mkono nyuma na chupa. Akangoja. Baiskeli ilikuja, ikapunguza mwendo, ikapita. Haikusimama. Watu wa stendi wakacheka tena, na safari hii walimcheka yeye, bibi mzima anayegawia upepo maji.

"Wacha wanicheke," alisema Mukonyo. "Yeye alichekwa peke yake. Hiyo ilikuwa zamu yangu."

Alitoka tena Jumamosi nyingine. Na nyingine. Mpaka siku moja akasikia mwendo unapungua, na chupa ikachukuliwa mkononi mwake taratibu. Hakugeuka. Aliingia ndani akaketi kitandani, akalia. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, wasikilizaji, kama mlipita Isinya mkaona mwanamke mzee ameipa barabara mgongo huku mkono umenyooka nyuma, sasa mnajua alikuwa akifanya nini.

Ndoto ya Kaloki ilitimia mwaka wa elfu mbili na nne. Kitengela, Namanga, Kitengela, jua lile lile. Asubuhi alipopita Isinya alichukua maji. Jioni aliporudi alikuwa hoi, amebeba vumbi la Bissil lote usoni. Mukonyo alikuwa pale. Kwa mara ya kwanza Kaloki alisimama. Alikunywa nyuma ya mgongo wa mama mkwe wake, na Mukonyo akasikia kila funda. Hakukuwa na mtu karibu. Hakukuwa na Evalyne wa kupeleka maneno.

Kaloki alisema, kama mtu anayeongea na barabara, "Barabara imekuwa nzuri leo."

Na Mukonyo akaujibu ule ua, "Ikae hivyo hivyo."

Lile neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Angeweza kulisema, na nani angemhukumu? Alisikia pedali zikizunguka, tiki tiki ikaenda, ikaisha.

Mwaka huu Kaloki aliugua kifua. Alilazwa hospitali, na Evalyne akampigia mama simu aje upesi. Mukonyo alifika na kitambaa chake cha kichwa amekishusha hadi kwenye nyusi. Akasimama mlangoni mwa wadi, akakipa kitanda mgongo. Wauguzi walishangaa.

Kaloki aliongea kwa shida. "Evalyne. Mwambie mama ageuke."

Evalyne alisema, "Mama, anasema ugeuke."

Mukonyo aliniambia alidhani ni homa inayoongea. Alidhani akigeuka, mtu huyu akipona, ataona aibu maisha yake yote kwamba mama mkwe alimwona amelala hivyo, nguo ya hospitali wazi kifuani. Alifikiri anamlinda. Akashika fremu ya mlango.

"Mwambie apone kwanza," alisema.

Kaloki alifariki kabla ya jioni.

Siku ya mazishi, watu walipopanga mstari kumuaga, mzee mmoja wa ukoo alimwashiria Mukonyo abaki kwenye viti, kama inavyotakiwa. Mukonyo alisimama. Alipita mbele ya wazee, mbele ya watu wa stendi, mbele ya Gichuru aliyekuwa amefunika uso kwa kofia. Akafika kwenye jeneza, akainua kitambaa chake kutoka kwenye nyusi, akamtazama Kaloki usoni. Akasema, kwa sauti iliyofika hadi nyuma, "Nilikusikia. Nisamehe." Wazee walitazama chini. Hakuna aliyetaja mbuzi.

Alibaki hapo akimtazama. Mstari ukasimama. Kisha akamgeukia binti yake, akamuuliza polepole, "Hii ndiyo sura yake? Siku zote alikuwa hivi?"

Evalyne akasema, "Hapana, mama. Alikuwa anacheka."

Wasikilizaji wapendwa, Kaloki wa Munguti ametutoka. Kwako Evalyne na watoto, poleni sana. Gichuru, pole, na asante kwa lile koti. Wazee wa pande zote mbili, poleni, na mkipata jioni moja ya kukaa, kaeni mkalifikirie jambo hili. Mama Mukonyo, najua unanisikiliza hapo Isinya, na redio umeiweka karibu na kuku. Pole, mama. Sikutia sukari.

Na wewe uliye nyumbani, huenda hapo chumba cha pili yuko mtu unayemheshimu sana kiasi kwamba hujawahi kumwambia neno la kweli. Nitanyamaza sasa, upate nafasi ya kuinuka.