Neno la Cornelius Wabwile, Fundi wa Kifyatulio

Cornelius Wabwile alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, Sirisia, Kaunti ya Bungoma, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wabwile na Mama Rosebella, na nyuma yake akafuata mmoja tu, Nasimiyu, ambaye ndiye anayewasomea haya mchana huu hapa Al Mansoura, kwa sababu yeye peke yake katika ukoo wetu ndiye aliye Doha, na jeneza likishafika nyumbani watasoma wengine.

Alianza shule ya msingi ya kijijini mwaka 1991 na kufanya mtihani wake wa mwisho mwaka 1998, akaendelea na sekondari hadi 2002, akapata alama ambazo baba alizitazama, akazikunja, akaziweka mfukoni. Januari 2003 alipelekwa soko la Chwele kwa mjomba wake aliyetengeneza vyerehani, na huko ndiko alikojifunza kwamba mashine ikiwa nzito hupaswi kuilaumu springi kabla hujaiosha, kwa kuwa mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Alikaa na mjomba miaka kumi na miwili, na hadi leo mafundi cherehani wa Chwele wanamsema vizuri, jambo ambalo si rahisi, kwa maana wale watu hawasemani vizuri.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa takatifu na Pamela Nekesa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Olivia mwaka 2010, Mike mwaka 2013, na Bella mwaka 2017, ambaye alimjua baba yake zaidi kwenye simu kuliko uso kwa uso, na tunalisema hili kwa uchungu kwa kuwa wengi wenu mlioketi hapa mnaye Bella wenu nyumbani.

Aliingia Qatar Aprili 2015 kama mlinzi wa jengo la nyumba za kupanga, mitaa miwili kutoka hapa tulipo, na Septemba 2018 akahamishiwa klabu moja ya kulenga shabaha, akawa msaidizi wa ghala la silaha, makazi yake yakiwa Muaither. Kazi yake ilikuwa bunduki za shabaha za risasi ndogo, zile ambazo pini hugonga ukingo wa ganda, na ugonjwa mkubwa wa bunduki hizo ulikuwa triga nzito, kwa sababu kifyatulio kikiwa kizito mlengaji huvuta kwa kidole kizima, mtutu unayumba, na risasi inaangukia kando hata kama jicho lilikuwa sawa. Cornelius alifungua ya kwanza akakuta yaleyale ya Chwele, mafuta yaliyoganda yakichanganyika na vumbi la jangwa, akaosha, akasugua taratibu zile nyuso mbili za chuma zinazoshikana mpaka zikateleza, kisha akakigonga kitako cha bunduki kwa nyundo ya mpira ili aone kama itajifyatua yenyewe, na haikujifyatua.

Hapo ndipo neno lilipoingia katika maisha yake. Kocha wa klabu, Mwarabu ambaye wote walimwita Kabtin, aliivuta triga ile mara moja, akaangalia dari, akasema, "Khafif! Khafif!" Cornelius, Mswahili wa watu, akasikia kwamba kazi yake ni hafifu, akarudi mezani kichwa chini, hakula, akaifungua yote tena na kuisugua upya, na kesho yake Kabtin akasema khafif kwa sauti kubwa zaidi. Alikuwa amekwisha kumwambia Pamela kwenye simu kwamba kazi imemshinda, mpaka Wanjohi, dereva aliyezeeka Ghuba, alipocheka hadi akashika ukuta, akamwambia, "Bro, huyo mzee anakusifu! Kwao khafif ni nyepesi." Tangu siku hiyo, kwa Cornelius na wenzake, hafifu likawa ndilo neno la sifa kuu. Triga iliyonyooka ilikuwa hafifu, chai ya Wanjohi ilikuwa hafifu, na alipokwenda likizo Desemba 2019 akaziita chapati za Pamela hafifu mbele ya mama mkwe, na siku nzima hakusemeshwa.

Mtu akisikia historia inasimulia mzaha kiasi hiki atauliza kwa nini, na jibu ni kwamba mzaha huo ndio uliomuua, na kwetu kifo kisichotajwa chanzo hutafutiwa chanzo mdomoni mwa watu. Tayari tumesikia yanayosemwa Muaither na Al Wukair, kwamba kaka yetu alizisugua triga kupita kiasi ili asifiwe, na kwamba kijana Harun, mwenzake mpya kazini, aliitamani kazi yake. Yote mawili ni uongo, na familia imeamua kusema ukweli wote, pamoja na ule usiotupendeza.

Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, asubuhi, kabla wanachama hawajafika, Cornelius alikuwa amemaliza bunduki moja iliyokuwa nzito, akatia risasi moja ili aijaribu, na waya unaobeba karatasi za shabaha ukakwama. Alipaswa kutoa risasi na kuacha bolti, lile komeo la chumba cha risasi, wazi kabla ya kupiga hatua hata moja kwenda mbele, hivyo ndivyo alivyofundisha kila mtu, na siku hiyo hakufanya hivyo. Aliilaza mezani, na alipokuwa akienda kuukwamua waya alimwambia Harun, kijana wa Mumias aliyekuwa na wiki tatu tu pale, "Wacha hiyo, ni hafifu." Alimaanisha kwamba ni nyepesi mno, asicheze nayo. Harun, ambaye hakuna aliyewahi kumpa kisa cha Kabtin, alisikia kile ambacho sisi wote tungesikia, kwamba hiyo ni mbovu, haina kazi, na alipotaka nafasi ya kupanga bunduki za wanachama akaisogeza kando kama mtu anavyosogeza kiti kilichovunjika, kidole kikaingia pasipofaa. Cornelius alikuwa ameinama kwenye shabaha. Harun ndiye aliyemfikia kwanza, akavua shati akaliziba jeraha la shingo kwa mikono yake mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na waliomkuta wanasema ilibidi wambandue.

Wakaguzi waliipima bunduki ile, wakakigonga kitako kama yeye alivyokuwa akikigonga, na haikujifyatua, kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema tena kwamba mkono wa fundi ulikosea. Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, na kaka yetu alijikwaa ulimi kwa lile neno alilolipenda kuliko yote.

Alilazwa hospitalini siku hiyohiyo na kufanyiwa upasuaji. Jumatatu alipata nafuu ya muda mfupi, akamwita Nasimiyu karibu, akauliza Harun yuko wapi, na alipoambiwa yuko mikononi mwa polisi alilia, kisha akasema polepole, "Waambie lile neno lilikuwa langu. Risasi pia ilikuwa yangu. Huyo mtoto wa watu asifungwe kwa Kiswahili changu." Hakusema tena jambo refu. Alituacha Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na ameacha mjane, watoto watatu, mama na ndugu.

Pamela amesomewa historia hii yote kwa simu, akaomba iongezwe kwamba yeye, mama mkwe wake na watoto hawaidai damu hii kwa mtu yeyote, na kwamba watasema hivyo mbele ya mahakama pia. Harun ametoka kwa dhamana na ameketi pale mlangoni, penye viatu, hakuthubutu kuingia. Harun, ndugu yetu, ingia ndani ukae na familia, kiti chako kipo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Muaither waliopika na kulala nasi, Wanjohi na wenzake wa kazini waliomsafisha na kumvika, Kabtin aliyekuja jana akasimama kando ya jeneza akalirudia neno lake moja huku akilia, na mara hii hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Pumzika kwa amani, Cornelius, ujumbe wako umefika.