Mama Woga Anakabidhi Usukani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuzipeleka boti zetu baharini kwa mara ya kwanza, mjaribu mkuu wa karakana hii anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini Septemba. Sisi tunamwita Mama Woga. Jina hilo alibandikwa na mafundi wa faiba mwaka wake wa kwanza, akalipenda, akaagiza liandikwe kwenye kikombe chake cha chai. Kikombe anaondoka nacho. Woga, inaonekana, anatuachia.

Kazi ya mjaribu ni kupanda boti ambayo haijawahi kuelea na kuitafutia bahari mbaya. Mama alianza kama msaidizi wa kufunga injini, akapanda hadi kushika usukani, na miaka yote hiyo hajapoteza mtu. Kila asubuhi ya majaribio alitapika nyuma ya stoo ya rangi, akasukutua, kisha akaja gatini ametulia. Wageni walidhani ni mjamzito. Alipopita miaka hamsini wakaacha kudhani.

Alikuwa na sharti moja lililowakera mameneja wote waliopita hapa: boti haijaribiwi tupu. Lazima ipakiwe viroba vya mchanga mpaka ifikie uzito wa kurudi na samaki na barafu. "Hakuna mvuvi anayeomba arudi mtupu," alisema, nasi tukabeba viroba huku tukinung'unika. Migongo yetu ni mashahidi.

Kwa muda mrefu tulitengeneza boti za V tu, zile zenye tumbo moja lililochongoka. Mama alizipenda kama mtu anavyompenda shemeji mlalamishi. Zikienda kasi zinakata wimbi vizuri, lakini zikisimama ili watu wavute samaki zinayumba mpaka chai inamwagika, na mafuta zinakunywa kweli kweli. Ila hatari ikija zinasema. Zinainama mapema, mtu akapata nafasi ya kugeuza. Mwaka huu meneja alipoleta oda ya katamarani, yenye matumbo mawili yaliyounganishwa na sakafu kwa juu, tulishangilia: ni pana, imetulia ikisimama, na mafuta haili sana. Mama aliizunguka, akachuchumaa, akachungulia uwazi ulio chini ya ile sakafu. Akasema hii ni kimya, na yeye watu wakimya huwaogopa.

Siku ya majaribio mnunuzi alikuja na wanawe wawili, mishipi mkononi, tayari kwenda kuvua. Meneja aliomba twende bila viroba, mara hii tu. Mama akamfurahisha: tukatoka bila mzigo, boti ikateleza kama sabuni, tukarudi, mnunuzi akanyoosha mkono apewe funguo. Mama akazitia mfukoni, akatuambia tupakie mchanga. Mnunuzi alikasirika waziwazi. Meneja alitazama viatu vyake.

Tulitoka tena, mimi msaidizi wake na Mama, na kando yetu boti moja ya V yenye mzigo uleule, ikiendeshwa na kijana mwenzangu wa karakana. Ile V ilipunguza mwendo kidogo tu, ikaendelea kukata. Yetu ilikuwa imezama zaidi, uwazi umebaki mdogo, na kila wimbi la mbele lilipiga sakafu kutoka chini. Kishindo cha kwanza kilinirusha. Kilichofuata kilifungua ufa kati ya miguu yangu, na ndani ya ufa niliona bahari. Sijawahi kuogopa vile. Mama alipunguza mwendo, akageuza taratibu, uso wake umekauka. "Tupa viroba, mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Usiangalie ufa." Nilitupa vyote. Boti ikainuka, vishindo vikaisha, tukafika gatini.

Mnunuzi aliutazama ule ufa, akawatazama wanawe, akakaa chini palepale gatini. Sisi sote tulijua alichokuwa anawaza, maana mchanga hutupwa, lakini nani hutupa samaki? Husemwa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ile hakuna aliyecheka, ila wote tulirudi nyumbani.

Sakafu imejengwa upya, juu zaidi na nene zaidi. Inajaribiwa Jumatatu. Mama aliulizwa nani ashike usukani, nasi tukamtazama yule kijana wa boti ya V, anayeendesha bila kutoa jasho. Akanichagua mimi. Nilimwambia naogopa mno, kwamba tangu siku ile mlango ukibamizwa tu moyo unasimama. "Ndiyo maana," akajibu, akaendelea kunywa chai.

Mama, ahsante kwa kutuogopea miaka yote hii. Tunakutakia maisha marefu penye ardhi kavu, wajukuu watundu, na asubuhi za kulala mpaka jua likuamshe. Viroba vimeshapakiwa. Na Jumatatu asubuhi, nyuma ya stoo ya rangi, nafasi yako haitakuwa wazi.