Mama Koku na Ungo la Kupepeta Sauti

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Leonsia Kokugonza, fundi mkuu wa sauti, anastaafu baada ya kuitumikia Studio za Mlio, hapa Nyegezi, kwa miaka thelathini na mmoja. Karibu sote tumemkuta kazini. Wapo wateja wanaoamini studio ni mali yake, na siku hizi tumechoka kuwasahihisha.

Mama Koku, kama tulivyozoea kumwita, ni mzaliwa wa Kamachumu, mkoani Kagera. Alisomea ufundi wa umeme, akaja Mwanza kwa meli kutengeneza redio za watu. Siku moja studio ilimwita kurekebisha kinasa sauti kilichokuwa kinatafuna kanda. Alikirekebisha, akavuta kiti asikilize kama kimepona, na kiti hicho hajakiachia hadi leo.

Enzi hizo msemaji akikosea, kosa lilikatwa kwa wembe kwenye utepe na ncha mbili zikaunganishwa kwa gundi. Kompyuta zilipoingia, wenzake walinung'unika kwamba kazi imeharibika. Yeye alifurahi, kwa sababu kwenye kioo sauti iliweza kuonekana.

Kuona huko ndiko kulikomfikisha kwenye plagini. Kwa tusiokaa chumba cha kuchanganyia sauti, mimi wa mapokezi nikiwa wa kwanza, plagini ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya ile kubwa ya kurekodia ili kuigeuza sauti. Nyingi huigeuza sauti yote kwa mkupuo. Zile alizobuni Mama Koku pamoja na mwandishi wetu wa programu, Nathaniel Chenge, huichambua kwanza katika nyuzi nyembamba, kuanzia nzito ya chini hadi kali ya juu, kisha hushughulika na kila uzi peke yake. Zilikuwa za majaribio, na majaribio yenyewe tumeyaona.

Ya kwanza ni Mgando, inayokamata noti moja na kuishikilia muda wote unaotaka. Wasanii wa bongofleva wanaoishiwa pumzi kabla ya mstari kuisha wanaipenda sana, ingawa hawapendi tuwataje. Ya pili ni Ukungu, inayoisambaza sauti mpaka ikose kingo. Hiyo ilisahaulika ikiwa imewashwa wakati tunarekodi tangazo la chanjo ya ng'ombe. Lilipotoka hewani, wafugaji walipiga simu mapokezi wakiuliza kwa nini bwana mifugo anaongea akiwa chini ya ziwa. Niliwajibu kwamba yuko salama.

Ya tatu ni Ungo, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu Ungo nusura limharibie Mama Koku mwaka wake wa mwisho. Kazi yake ni kupepeta kelele. Unalilisha kipande kifupi chenye kelele tupu, linajifunza, kisha linaiondoa kelele hiyo kwenye wimbo mzima. Ndiyo kazi aliyoihangaikia miaka mingi, na alitaka akiondoka aliache likitumika na kila fundi.

Mwezi wa pili alikwenda Buswelu kurekodi Kwaya ya Mavuno kanisani kwao. Umeme ulikatika, wakawasha jenereta nyuma ya ukuta, na Mama Koku hakuwa na wasiwasi kwa sababu Ungo analo. Alichagua kipande cha kabla ya wimbo, pale ambapo hakuna anayeimba, akalilisha Ungo lijifunze mngurumo.

Asichokijua ni desturi ya kwaya ile. Mwalimu wao, Florian, akishatoa ufunguo wa wimbo, yaani noti ya kuanzia, akina mama wa sauti ya pili huushika kooni, midomo imefumbwa, ili usipotee mpaka anyanyue mikono. Wanaushika kwa sauti ndogo mno, na siku hiyo ulizama ndani ya mngurumo wa jenereta. Ungo likajifunza vyote viwili, likaihesabu sauti ya akina mama wale kuwa kelele popote ilipo. Wimbo ulipotoka ulikuwa safi, hauna jenereta, na sauti ya pili nayo haipo. Mama Koku aliusikiliza akauona mzuri. Yeye mwenyewe huimba sauti ya kwanza kanisani kwake, na masikio yake yalisikia yalichozoea kukitafuta.

Akina mama wale walikuja hapa wakiwa na sare zao za kitenge, wakiongozwa na Bi. Tereza. Shikamoo yangu ilijibiwa kwa mkato. Tayari walikuwa na lao rohoni, kwamba kila wakirekodi maikrofoni huwekwa mbele ya sauti ya kwanza, kwa hiyo hili waliliona limepangwa. "Hivi dada, sisi ndiyo jenereta?" Bi. Tereza aliniuliza. Alisema hawataimba kwenye uzinduzi wa albamu. Mwalimu Florian alipiga simu baadaye, akiogopa kwamba kwaya inapasuka.

Mkurugenzi wetu, Bw. Alexander, alikasirika, na hakukosea kukasirika. Alisema amechoka kuona wateja wakifanyiwa majaribio, na akaagiza Ungo lifutwe kwenye kompyuta zote kabla ya mwisho wa Juni. Mama Koku angestaafu siku zilezile kazi yake inapofutwa. Hakubishana. Siku hiyo chai yake ilipoa mezani, na mimi niliumia kumwona vile.

Kesho yake aliwaomba akina mama warudi, akawaingiza chumba cha kuchanganyia sauti. Ungo lina kitufe kinachoitwa Makapi, cha kusikiliza kile kilichopepetwa na kutupwa. Nathaniel aliwahi kutaka kukiondoa ili programu iwe nyepesi, akakataliwa. Mama Koku alikibonyeza. Jenereta ikanguruma, na juu yake ikapanda sauti ya pili peke yake, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Maisha yao yote walikuwa hawajawahi kujisikia bila kufunikwa na wengine. Bi. Tereza aliketi. Bi. Odeta, mkubwa wao, ambaye ameimba sauti ya pili tangu usichana, alilia waziwazi akasema, "Kumbe tuko hivi!" Ndipo Mama Koku akawaambia kwamba kosa si la mashine, ni lake, kwa sababu yeye ndiye aliyeilisha sauti zao bila kusikiliza sawasawa, na akawaomba radhi.

Alirudi Buswelu na Nathaniel, wakarekodi jenereta ikinguruma yenyewe, kanisa likiwa tupu. Wimbo ulipopepetwa upya ulitoka na sauti zote nne. Akina mama wakaomba jambo moja zaidi, kwamba yale makapi yawekwe mwisho wa albamu, mngurumo na wao, kama walivyoyasikia. Yamewekwa. Kwenye uzinduzi waliimba wote, na Bw. Alexander alikuwa kiti cha mbele.

Hata hivyo agizo lake lilikuwa bado limesimama, na hatukuthubutu kumuuliza. Jumatatu iliyopita alituita sote. Ungo linabaki kwenye kila kompyuta, na kuanzia sasa hakuna kazi itakayomfikia mteja kabla fundi aliyeitengeneza hajasikiliza makapi yake mpaka mwisho. Mama Koku alitoka nje, akasimama kwenye korido akijifuta macho, kisha akarudi kumwambia Nathaniel kwamba kitufe cha Makapi ni kidogo mno, akikuze.

Mama Koku, asante kwa masikio yako, kwa subira yako, na kwa kukubali mbele ya watu pale ulipokosea. Migomba ya Kamachumu ikupokee vizuri, na afya isikuache. Ninapoandika haya Nathaniel yuko kwenye chumba chako cha kuchanganyia sauti na kwaya kutoka Sengerema. Wimbo umeisha zamani, lakini hajawaruhusu kuondoka. Bado anasikiliza makapi.

Queen Mayala, Mapokezi