Mama Houda na Moja Iliyoandikwa kwa Herufi

Tarehe 31 Desemba 2003 Mama Houda Karimu anastaafu, baada ya kuitumikia bohari yetu ya dawa hapa Bujumbura kwa miaka ishirini na tisa.

Aliajiriwa akiwa mpiga chapa, na kwa miaka mingi mlio wa taipureta yake ndio uliotuambia kwamba kazi imeanza. Kompyuta ilipoletwa mwaka 1998, aliipokea kama mgeni asiyealikwa: kwa adabu, lakini bila haraka ya kumpa kiti. Kila alipomaliza mstari, mkono wake wa kushoto ulinyooka kusukuma kigari cha taipureta kisichokuwapo. Mara mbili uliangusha chai ya mhasibu wetu, Bwana Cirimwami, ambaye hatimaye alihamisha meza.

Fomula za hesabu za kompyuta, hata hivyo, alizipenda kuliko sisi sote. Aliyesahau kutanguliza alama ya usawa, akashangaa kuona mashine haikokotoi chochote, alikemewa: "Apana, we bisha hodi kwanza!"

Msimu wa mvua wa 1999 kipindupindu kiliingia Carama. Kwa sababu ya vita, malori yalipita asubuhi tu, katika msafara wenye ulinzi. Aliyeachwa alingoja kesho, na wagonjwa wa kipindupindu hawana kesho ya kungojea. Mama Houda aliandaa jedwali la seramu, yale maji ya dripu: Gihosha chupa 250, Kigobe 80, Carama 110. Fomula ikatoa jumla ya 330, na bohari ikatoa chupa 330.

Dereva Atumani, ambaye kituo chake cha mwisho kilikuwa Carama, aliingia ofisini amefura. "Mama, hii lori iko na njaa! Carama nitawapelekea nini, bonjour?"

Mama Houda alimwomba mkuu wa msafara asubiri kidogo, kisha akalikagua jedwali. Namba zote ziliegemea kulia mwa visanduku vyao. Ya Carama peke yake iliegemea kushoto, kama neno. Akavitazama vidole vyake, akaangua kicheko. Taipureta yake haikuwa na kitufe cha moja. Wapiga chapa wa rika lake waliandika herufi ndogo ya L badala yake. Jicho lilisoma mia moja na kumi. Kompyuta ilisoma neno, na fomula ya jumla hulipita neno kimya kimya, bila kulalamika.

"Ni mi, si mashine," alisema. "Pakia, Atumani, pakia!"

Bwana Cirimwami mwenyewe alibeba makasha. Lori liliondoka likiwa la mwisho katika msafara, limejaa.

Zamani nilidhani kisa hiki kinahusu kompyuta. Sasa sina hakika. Huenda kinahusu mtu anayesema "ni mimi" mapema, muda wa kupakia lori ukiwa bado upo. Au huenda tulibahatika tu kwamba msafara ulisubiri.

Muuguzi Consolée wa zahanati ya Carama ametuomba tuongeze jambo moja: binti aliyetundikiwa mojawapo ya chupa zile sasa yuko darasa la pili, na ni msumbufu kupita kiasi.

Asante, Mama Houda. Upumzike kwa afya na furaha, na chai yako isimwagwe na mtu.