Albina Sedlak na Karatasi Zilizofutwafutwa

Ndugu, majirani na wanafunzi wa zamani mliojaza kanisa hili asubuhi ya leo, familia imeniomba mimi, Libbie, wifi wa marehemu, niwasomee maisha ya Albina Sedlak, nami nitayasoma yote, pamoja na sehemu inayonihusu vibaya.

Albina alizaliwa tarehe 9 Machi 1938, katika shamba la mahindi maili nne kaskazini mwa Dry Willow, Nebraska, mtoto wa tatu wa mzee Vondra na mkewe, katika nyumba isiyozungumza ila Kicheki. Septemba 1944 alianza darasa la kwanza, na kwa kuwa hakujua Kiingereza akatiwa kikundi cha Kunguru, ndivyo walivyoitwa wasomaji wazito, na wale wepesi wakiitwa Kadinali, jina la ndege mwekundu wa huku kwetu, akakaa humo miaka minne bila mtu kumpima upya. Tangu hapo kila aliposikia mtoto fulani amezaliwa na akili, aliinua nyusi moja. "Kipaji kipo," alikuwa akisema, "ila mimi sikioni mpaka mtoto ametoka jasho."

Alisoma chuo cha ualimu kuanzia 1956, na tarehe 29 Agosti 1960 akaajiriwa shuleni kwetu, akaomba mwenyewe apewe darasa la nne la watoto wazito. Tarehe 17 Juni 1961 aliolewa na kaka yangu Rudy, wakajaliwa Marvin mwaka 1963 na Joyce mwaka 1966.

Masika ya 1974 darasa lake la watoto ishirini na sita liliongoza mtihani wa hesabu katika kaunti nzima, likawapita wale wepesi niliokuwa nikiwafundisha mimi, chumba cha pili. Nilizichungulia karatasi zao za mtihani, nikaona zimefutwafutwa kwa raba kutoka juu hadi chini, majibu ya makosa yamegeuzwa kuwa sahihi, nikajiambia watoto wale hawana akili hiyo, huu ni mkono wa mwalimu. Nikaiandikia ofisi ya elimu barua isiyo na jina. Albina akasimamishwa, na cheti chake cha ualimu kikawa hatarini.

Tarehe 14 Mei walikuja wageni wawili kutoka ofisi hiyo kuwapima watoto upya, mwalimu wao akiwa amewekwa mbali, nami nikiwa nimesimama mlangoni. Mmoja akatangaza kwamba siku hiyo hakuna raba. Msichana aitwaye Darlene akanyoosha mkono.

"Sasa bwana, tukikosea tutafanyaje?"

"Msikosee."

"Lakini Bibi Sedlak anasema ukimaliza, geuza karatasi, anza tena kutoka mwisho, lishuku jibu lako kabla hajalishuku mwenzako."

Yule bwana akamtazama mwenzake, kisha akagawa raba. Watoto ishirini na wanne walipata kama mwanzo au zaidi, wawili wakashuka. Albina akarudishiwa darasa lake, na kiangazi chote akawafundisha wale wawili jikoni kwake, mmoja akaelewa, mwingine hakuelewa kamwe, naye Albina hakuficha hilo.

Alistaafu mwaka 1999. Machi 2018 moyo wake ulianza kudhoofika, akalazwa hospitalini Lincoln, na huko ndiko nilikomwambia, "Wifi, ile barua niliandika mimi."

"Najua. Mji huu nani mwingine ana mwandiko mzuri vile?"

"Mbona umenyamaza miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakupa muda. Wewe umeniona lini nikimkatia tamaa mwanafunzi mzito?" Akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, kisha akaniagiza niyaseme haya mbele zenu.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Novemba 2018, akiwa na miaka themanini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta supu na mikate ya plamu bila kuombwa, walimu wenzake, na wale watoto ishirini na sita, ambao mimi binafsi nawaomba radhi.

Albina, wifi yangu, nimechelewa, lakini nimeelewa. Pumzika kwa amani.