Wageni Niliowahesabu

Jumanne, tarehe kumi na nane Machi mwaka 2025, saa tisa na robo alasiri, Yared alikata roho kule Mikumi bila kumsamehe mdogo wake, na mimi niliyemshika mkono nilijua kwamba hapakuwa na kosa la kusamehewa.

Sogeeni, wanangu. Letisia, niinue kidogo. Anitha, mkwe wangu, mjane wa Yared, nyamaza kwanza, maana nguvu niliyo nayo ni ya kusema mara moja tu.

Mnalikumbuka pipa alilobuni Yared: tembo akigusa waya wa shamba, linapuliza moshi wa pilipili naye anageuka. Alitaka kuliombea hataza, ile hati ya serikali ya kumlinda mbunifu. Na daftari langu mnalijua. Tangu niache ukarani wa stesheni ya Kilosa, kila mwaka Letisia alinisomea kwenye simu idadi ya wageni walioomba hataza hapa kwetu na walioomba Kenya, nami nikaziandika safu mbili. Yared alinitania, "Baba, mwaka huu Kenya katufunga ngapi?" Nami nikamjibu, "Nyingi, mwanangu."

Alipotaka kupeleka karatasi zake Dar es Salaam, nilimzuia kwa daftari hilo. Nilimwambia wageni wenye akili wanakwenda Kenya, kwa hiyo asubiri, naye tutampeleka huko huko. Akanitii misimu miwili ya mvua.

Katika kusubiri huko, Jumapili ya mavuno, akaja kanisani kwetu Kisanga mgeni kutoka ng'ambo. Nikampeleka shambani, nikafunua pipa kwa mkono wangu huu, akapiga picha nje na ndani. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikaona kama tumefunga goli. Mwaka uliofuata pipa lile lile likatokea na hati yenye jina la mtu mwingine.

Yared akamtuhumu mdogo wake Elia kwamba ndiye aliyeliuza, kwa sababu Elia anatembeza watalii mbugani. Elia akaapa kwa Biblia. Kaka yake akamwambia, "Iweke chini hiyo, usije ukaiuza nayo." Nilikuwa nimekaa pale pale nakunywa uji. Nikaendelea kunywa.

Baadaye nilimpigia simu afisa mmoja wa hataza, akacheka kwa heshima: "Mzee, shikamoo. Hao wageni unaowahesabu Kenya, karibu wote walianza kuandikisha kwao." Kwao, wanangu. Kila niliyemwandika alianzia nyumbani, nami nikamzuia wangu asianzie nyumbani. Hata hilo nililificha, na siku ya mazishi Elia alisimama barabarani kama mpita njia.

Sasa fanyeni hivi. Mpigieni Elia leo, mwambieni baba amesema mwizi hayupo, yupo mzee aliyenyamaza. Daftari mpeni yeye. Ukurasa wa mwisho nimeandika haya yote na kutia sahihi. Yasomwe kanisani mbele ya wote waliomsema. Mkinizika, udongo wa kwanza atie yeye, kama atakubali. Asipokubali... msimlazimishe.

Anitha, umesikia. Sikuombi unijibu.

Mungu awatunze... awape ulimi wa kusema mapema. Letisia, nilaze. Tuombe.

Bwana, mpokee Yared. Aliondoka na hasira ambayo... haikuwa yake, nilimpa mimi. Umtue mzigo huo, Bwana. Umweleze... kabla sijafika. Umpumzishe. Amina.