Mstari wa Chini ya Jina Langu

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Februari mwaka jana, jina langu lilipoitwa mara mbili katika chumba cha kamati ya bunge na hakuna aliyeitika, ofisi nzima iliamini nimekwama njiani kwa sababu ya theluji. Sikukwama. Nilikuwa safu ya nne, ndani ya koti la kaka yangu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na nilishindwa kusimama.

Mtu mmoja tu aliniona. Hajalitaja jambo hilo hata siku moja, hata kwangu. Ndiye ninayemwandikia wasifu huu.

Bi Arlys Tollefsrud anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi yetu ya kutetea haki za waliobadili jinsia. Alikuja kuwa mpokea simu, akitokea karakana ya matrekta ya mjini kwao, ambako walimwambia asirudi tena siku ya kwanza alipofika kazini kwa jina la Arlys. Hadi leo akiinua simu husema kama yuko karakana: "Haya, nini kimeharibika?" Wengi wanaopiga wakilia hujikuta wakicheka kwanza.

Kila majira ya baridi bunge la jimbo likifunguliwa, huja na muswada wa kutubana sisi tuliobadili jinsia. Ulikuwa wa vyoo, ukawa wa hospitali, ukawa wa timu za shule. Mwananchi anayepinga hupewa dakika mbili, kisha kipaza sauti huzimwa. Ndiyo maana juu ya meza ya Arlys kuna saa ya jikoni ya kuhesabu dakika, yenye umbo la kuku, anayotupimia tukifanya mazoezi. "Mwanangu, kuku atalia na wewe bado unamsalimia mwenyekiti! Anza na panapouma."

Halafu kuna desturi yake. Katika daftari la wasemaji, hujiandikisha mstari wa chini ya yule anayeogopa kuliko wote. Huyo akishindwa, anayeitwa baada yake ni Arlys, nakala iko mkononi, naye husoma maneno ya mwenzake kwa dakika zake mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati, mzee ambaye hajawahi kupiga kura upande wetu, amemzoea.

"Bi Tollefsrud, leo wewe ni nani?"

"Leo, mheshimiwa, mimi ni mkulima wa viazi mwenye binti wa miaka kumi na mitano, na sijalala vizuri tangu Krismasi."

Watu hucheka, naye huanza kusoma.

Februari ile alijibu: "Leo nina miaka kumi na saba, mheshimiwa, na ninaogopa." Akasoma karatasi yangu yote bila kuangalia safu ya nne. Muswada wa mwaka ule, wa vitambulisho, ulianguka kwa kura moja.

Sasa umerudi. Ukipita, leseni ya udereva niliyoipata baada ya kumaliza shule, inayosema mimi ni Inga na ni mwanamke, itafutwa. Ya Arlys pia, aliyoibeba miaka ishirini na mitano. Kamati inasikiliza watu Ijumaa asubuhi. Keki yake tutaikata mchana.

Wiki iliyopita, nikitafuta mambo ya kuandika hapa, nilifungua kabati la faili. Majira ya baridi ishirini na saba yamo humo: wauguzi, mababu, wachungaji, watoto, kila karatasi imepunguzwa kwa penseli yake. Nilitafuta aliyoyasema yeye kuhusu yeye. Hakuna hata ukurasa. Sikujua kama mtu mmoja anaweza kutoa kiasi kile.

Jana alinituma bungeni. "Andika jina lako, langu chini yake. Kama kawaida."

Niliandika lake juu. Langu chini yake.

Ataitwa kabla yangu, na mkononi hatakuwa na maneno ya mtu mwingine. Akishindwa kusimama, mimi nipo mstari unaofuata. Nitasema ninayoyajua kuhusu yeye. Nimejipima kwa kuku: dakika moja na sekunde hamsini na mbili.

Bi Arlys, asante kwa simu zote, kwa penseli, na kwa kunyamaza kwako. Ukaishi vizuri, ukamalize kulitengeneza lile trekta jekundu lililolala bandani kwako, na pasiwe na mtu wa kukuuliza nini kimeharibika.

Nakala hizi zinagawiwa leo kwa sababu yeye yuko kwa daktari wa meno. Wenzangu, nawaomba, ziwekeni kwenye droo. Msimwambie yeyote, na yeye msimdokeze hata kwa macho, mpaka Ijumaa saa tatu asubuhi, mwenyekiti atakapomuuliza leo yeye ni nani.

Inga Brandvold